Chanda Chema na Vidole Vilivyobaki

Iko siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu Salim. Mimi na pacha wangu Hamadi tulikuwa na miaka kumi na moja, katika mji mmoja wa Uingereza ambako baba yetu alituhamishia kutoka Unguja. Nakusimulia kwa sababu nina hasira nawe, na sitaki kulala nayo.

Wakati huo Waingereza walikuwa na mtihani wa kuwagawa watoto. Ukifaulu, unapelekwa sekondari ya wenye akili, ile ya Kilatini na koti lenye nembo. Ukifeli, iko nyingine mtaa wa pili: kuranda mbao, kupika, na ukifika miaka kumi na mitano uende kiwandani. Miaka kumi na moja, Salim! Mtoto hata meno hayajamkaa sawa kinywani, wameshamkatia maisha yake.

Mimi nikafaulu, Hamadi akafeli. Desturi ya kule, mtoto aliyefaulu hununuliwa baiskeli, na baba, aliyependa sana kufanana na majirani, akanunua moja nyekundu. Akaiingiza sebuleni, akasema mbele yetu sote, "Chanda chema huvikwa pete."

Bibi, mama yake baba, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso. "Na vile vilivyobaki utavikata, Abdalla?"

Baiskeli haikurudi dukani. Hamadi alikuwa akichukua kitabu changu cha Kifaransa na kukisoma kwa sauti, tena kwa matamshi mazuri kuliko yangu. Baba akamwambia akirudishe, hicho si cha shule yake. Baada ya muda akaacha kukigusa.

Sasa sikiliza kinachoniudhi hadi leo. Tulipokuwa watu wazima, wakubwa wa mji ule walibadili mawazo. Wakaona kuwagawa watoto ni makosa, wakaziunganisha shule zetu mbili kuwa moja ya kupokea kila mtoto wa mtaa. Miaka mingi baadaye wakaigeuza tena, wakaipa jina refu la kifahari na kibao kipya langoni. Majengo yale yale. Wao wana ruhusa ya kukosea kisha wakabandika kibao. Hamadi je, nani alimwendea kumwambia, bwana, tulikosea? Hakwenda mtu. Hadi tunamzika, akiulizwa jambo mbele za watu alikuwa akisema, "Mwulizeni dada, mimi ni wa shule ile." Maji yakimwagika hayazoleki.

Na jana mezani, hapa hapa Randburg, Afrika Kusini, ulimsifu binti yako Samira kwa kupata nafasi kwenye shule ile ya kilimani, halafu ukamgeukia mkeo na kusema, "Eish, huyu Yusuf hana kichwa. Hiyo ya hapo baada ya robot, kwenye taa za barabarani, itamtosha." Ulisema kwa Kiswahili, ukidhani mtoto haelewi kwa kuwa anajibu kwa Kiingereza na Kizulu. Anaelewa, Salim. Nani alimbembeleza alipokuwa mchanga, kama si mimi? Aliacha chakula nusu akaenda chumbani, nawe ukaendelea kula.

Sikukatazi kumpeleka shule ya karibu. Walimu wapo, na huenda kesho ikawa ndiyo inayogombaniwa. Ninachokataza ni kumfanya aamini kwamba ile ni jaa, na yeye ni wa kutupwa humo. Shule hupanda cheo na kushuka, haya nimeyaona kwa macho yangu. Neno la baba likishaingia moyoni mwa mtoto halina wa kulibadilisha. Basi kesho mwite, dada yake akiwepo, pale pale mezani, umwombe radhi kwa Kiswahili kile kile. Wala usiniletee habari za heshima ya baba. Hiyo uliimaliza jana pamoja na wali.

Mungu akulinde, mwanangu, akukuzie wote wawili. Na akupe uso wa kumtazama Yusuf asubuhi.