Chupa ya Vidonge vya Miguu

Nesi aliangalia jibu la kipimo, akamgeukia mama. "Mama, dawa unameza kweli? Virusi vimepanda."

Kwenye daftari langu kila siku ilikuwa na alama ya vema, na kila kidonge nilikiona kikimezwa kwa macho yangu.

Mimi na mama tunaosha marudio, ule mchanga wa dhahabu uliokwisha kusagwa, nje kidogo ya Katoro. Kutwa tumesimama majini, na misuli ya miguu yake ikaanza kukaza. Nikasoma kwenye simu wiki nzima, nikamnunulia vidonge vya magnesiamu. Shule niliishia kidato cha pili, ndiyo maana kila jambo nalihakiki mara tatu. Nilihakiki magnesiamu inasaidia nini. Sikuuliza inagombana na nini.

Kisha nikajiona mwerevu. Wenzetu hawakujua mama anatumia ARV. Miaka yote alimezea chooni. Nikazihamishia kwenye chupa ya magnesiamu, ameze vyote pamoja mbele za watu asubuhi, kabla ya kuingia majini.

"Mayu, tugawie na sisi hizo za miguu, tukacheze ngoma," mama mmoja mwenye mdomo alimtania, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Wewe miguu mizima, kichwa ndicho kibovu," mama akamjibu.

Sikuwahi kumwona mama akimeza dawa huku anacheka. Nilijisifu.

Sasa, pale kliniki, mama alikuwa akimwambia nesi, "Nameza, sista. Muulize mwanangu."

Nilitamani kunyamaza. Nikaiweka chupa mezani.

Nesi hakunifokea, nikaumia zaidi. Alisema magnesiamu huikamata ARV tumboni, isifike kwenye damu inavyotakiwa. ARV imezwe masaa mawili kabla ya magnesiamu, au masaa sita baada yake. Ila kwa sasa magnesiamu isimame hadi daktari amwangalie figo, na kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu.

"Kwa hiyo nirudi chooni," mama akasema.

Kesho yake, kabla ya kuingia majini, yule mama mwenye mdomo akauliza za miguu ziko wapi. Mama akatoa kopo lenyewe la ARV.

"Hizi si za miguu," akasema, akameza.

Yule mama akainama kwenye mkoba wake, akatoa kopo kama lile.

"Mayu, choo chenyewe kinanuka. Tumezee hapa."

Vema ya siku ile imepinda. Niliiandika huku nawatazama wao wawili. Jibu la kipimo cha pili bado tunalisubiri.