Mchago wa Ng'ombe Wawili

Watu wa Nyarugusu walisema fundi Akida anaona kwa vidole, wakidhani wanamsifu. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji, mfupi, msafi kupindukia, na alishona makochi katika kibanda kando ya soko. Ukimpelekea kiti kibovu alikipapasa kwanza, chote, polepole, kama mtu anayempima mtoto homa. Nilimpenda tangu utotoni kwa sababu hakuwahi kunifukuza. Nilichokuwa sielewi ni kwa nini kila asubuhi mkewe, Bi Zamoyoni, alikaa kizingitini akitunga uzi kwenye sindano ishirini na kuzichomeka moja moja kwenye mto mdogo, huku uji wake ukipoa pembeni, halafu akampa mumewe ule mto ndipo duka lifunguliwe.

Mwaka 1953 dada yangu Paskalia aliposwa na Onesmo, Mzinza wa upande wa Buseresere, mchimba dhahabu. Baba yetu, Mzee Mihayo, alitaka ng'ombe wanane. Mama hakutaka hata mmoja. Mdogo wake wa mwisho alifukiwa shimoni kule Rwamgasa, na tangu siku ile aliapa kwamba binti yake hataolewa na mtu wa mashimo. Kwetu mama mkwe hamtazami mkwewe usoni. Akimwona anajitanda kanga na kumpisha njia. Onesmo alipokuja, Mama alikuwa akimkazia macho makavu bila hata kupepesa, na kila mtu alielewa anachoambiwa: wewe si mkwe wangu.

Siku ya mahari Onesmo alileta ng'ombe sita. Badala ya wawili waliopungua, alileta mchago.

Ulikuwa mchago wa kitanda cha Kizungu, ule ubao mpana unaosimama upande wa kichwa. Ulikuwa umejazwa ndani ukatuna, ukafunikwa mahameli ya rangi ya damu ya mzee na kubonyezwa kwa vifungo, na juu ulikuwa na maua mawili ya kuchonga. Mchuuzi mmoja alimwapia Onesmo kwamba ulitengenezwa kwa mkono Ulaya, kwamba uko huo mmoja tu duniani, na kwamba Mzungu yeyote angetoa bei ya ng'ombe wawili bila kubisha. Onesmo akatoa dhahabu ya miezi saba. Mpaka leo nikimkumbuka yule mchuuzi damu inanichemka.

Wazee wakakusanyika zizini, maana mahari hukaguliwa. Ng'ombe walifunuliwa midomo, wakatazamwa meno na kwato, wote sita wakapita. Kisha mchago ukashushwa kutoka kwenye baiskeli ya Onesmo. Mzee mmoja aliuzunguka mara mbili, akainama nyuma yake, akauliza kama unazaa. Tulicheka hadi tukamwona Paskalia analia, tukanyamaza. Baba akanituma kwa fundi Akida.

Alikuja ameshika bega langu njia nzima. Nilidhani ni uzee.

"Mwadila, Mzee Akida," Baba alimsalimu. "Tutazamie mnyama huyu."

"Ulazeni kifudifudi," alisema. "Kitu kama hiki usikiulize mbele. Mbele kimefundishwa kusema uongo."

Akapitisha kidole gumba juu ya misumari midogo iliyoshika kitambaa cha nyuma. "Yote imeachana sawasawa. Mkono wa mtu huchoka, na ukichoka hukosea. Hapa hakuna aliyechoka." Akahamia kwenye maua, kidole kimoja kwa kila ua. "Hata jani halikuzidi jani. Mashine hii. Generosa, hapa kwenye mbao pana mwandiko wa kuchonga. Nisomee."

"Mia mbili na kumi na mbili," nilisoma.

"Basi una ndugu zake mia mbili na kumi na mmoja, kwa uchache. Ni wa kiwandani, umeigiza mtindo wa zamani. Si mbaya, utadumu. Kule kwa Wazungu wa mgodini nimeshona upya mitatu kama huu. Lakini ng'ombe wawili, hapana. Mbuzi mmoja, tena asiwe mnene."

Nilimchukia saa ile. Neno moja tu la uongo lingemtosha dada yangu, na yeye alikuwa nalo mdomoni akalimeza.

Onesmo hakujitetea. "Nimedanganywa, wazee wangu," alisema. "Nilifikiri naleta kitu." Akaanza kuuinua mchago aurudishe kwenye baiskeli.

"Ngoja kwanza," fundi Akida alisema. Kidole chake kilikuwa kimerudi pembeni, chini kabisa. "Kona hii nani ameishona?"

"Mimi. Ulikuwa umechanika. Niliona aibu kuleta kitu kilichopasuka. Nikashona, nikafumua, mara tatu."

"Mara nne. Matundu ya sindano yapo."

"Ya kwanza siihesabu, Mzee. Ilikuwa mbaya sana."

Fundi Akida akavua kofia yake, akaipakata.

"Mzee Mihayo, mimi sioni," alisema. "Mwaka wa tatu huu. Jicho moja limekufa, la pili linaniletea vivuli. Zamoyoni ndiye anayenitungia sindano. Nimewaficha kwa kuogopa kwamba mtaacha kuniletea viti, na sasa anayetaka kuacha na aache. Mungu hakunipa mtoto wa kumwachia kazi. Mkono unaofumua mara nne bila kuamrishwa na mtu, huo nitaufundisha. Akitoka shimoni, kesho aje dukani."

"Nimeshatoka," Onesmo alisema, akitazama chini.

Nikaona aibu kwa chuki yangu ya dakika chache nyuma. Baba akasema huyo mbuzi wa mbao amempokea, na wale ng'ombe wawili watakuja kwa wakati wao. Lakini wazee wote walikuwa wamegeukia mlango wa jiko, alikosimama Mama, kwa sababu kiapo kilikuwa chake.

Mama alimtazama Onesmo kwa muda mrefu. Kisha akavuta kanga, akajifunika uso wote, akageuka na kupita nyuma ya nyumba.

Zizi zima kimya. Fundi Akida alikuwa akigeuza kichwa huku na huku.

"Mbona hamsemi? Generosa, mama yako amejibu nini?"

"Hajajibu, Mzee," nilisema. "Amejitanda. Amempisha mkwewe."

Asubuhi iliyofuata nilipita dukani makusudi, nikaikuta baiskeli ya Onesmo imeegemezwa ukutani. Bi Zamoyoni alikuwa kizingitini, mikono yake haina sindano wala uzi, anakunywa uji ungali wa moto.