Mkwe Aliyekataa Sahani ya Pili

Muuguzi wa kampuni alisogeza miwani yake, akasoma mizani mara ya pili, kisha akasema, "Mia na kumi na nne. Vua viatu, Baba Pacha."

"Nimevua."

"Basi vua na soksi, tuone."

Soksi zikavuliwa. Mizani haikujali.

Baba Pacha ndilo jina alilojulikana nalo kazini na mtaani, tangu mkewe alipojifungua mabinti wawili kwa mkupuo mmoja. Alikuwa fundi wa minara ya simu. Kazi yake ilikuwa kupanda mita arobaini, hamsini, siku nyingine sitini, spana zikimning'inia kiunoni, akabadilishe antena, akaze bolti au aweke taa mpya kileleni. Alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na miwili na ilikuwa haijamchosha. Kule juu hakuna anayekugonga bega. Upepo unavuma, mabati ya nyumba yanametameta chini, na mtu anajisikia mwepesi hata kama si mwepesi. Shida ni kwamba mkanda wa usalama aliouvaa ulikuwa na kibandiko, na kibandiko kilisema mwisho kilo mia na kumi.

"Si mimi ninayekukataza," msimamizi wake alimwambia siku ileile. "Ni mkanda. Tarehe tano mwezi wa kwanza unapima tena. Ukizidi, nakuweka stoo."

Stoo aliijua. Chumba kisicho na dirisha, balbu moja, harufu ya grisi, na kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Alikichungulia alipokuwa akitoka, akapita haraka.

Muuguzi alimpa maneno ya kumsaidia. "Wiki tatu zinatosha, ila usijiue kwa njaa. Mtu anayeshinda na njaa ili ale kwenye sherehe, akifika anakula mpaka kitambaa cha meza. Kula kitu kidogo nyumbani kabla ya kutoka. Chukua sahani ndogo, nusu yake iwe mboga. Chukua chakula chako, kisha nenda kasimame mbali na meza. Soda acha. Keki ukiitaka, kula kipande kimoja, ukae chini uisikie ladha yake, siyo vinne huku unapiga soga."

Kwenye sherehe ya kufunga mwaka kazini alifuata yote. Alikula yai na chungwa kabla ya kutoka, akabeba kisahani cha chai, akasimama dirishani na glasi ya maji. Wenzake walimcheka. "Baba Pacha anataka kuolewa!" mmoja alipiga kelele, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Alicheka nao. Wiki iliyofuata mizani ilisema mia na kumi na mbili, na muuguzi akampigia makofi peke yake.

Ikabaki safari ya kwa mama mkwe.

Kila mwaka, siku za sikukuu, familia ya mkewe ilikusanyika kwa mama yao kwa siku tatu. Usiku mmoja kabla ya safari, wakikunja nguo za watoto, alimwambia mkewe, "Mwambie mama kwamba nimeshauriwa nipunguze kula. Basi, yaishe."

Mama Pacha aliacha kukunja. "Mama hana swali moja. Ataniuliza nani kakushauri, una ugonjwa gani, tangu lini. Nikimwambia mkanda, atauliza mkanda wa nini."

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Baba mkwe alikuwa mwashi. Alianguka kutoka jukwaa la ghorofa ya tatu wakati Mama Pacha ana miaka tisa, na hakuamka tena. Tangu hapo mjane wake hakutaka hata kumwona mtu akipanda ngazi kubadilisha balbu. Baba Pacha alipokwenda kuposa, Mama Pacha alimwonya mapema: mama akijua unapanda, hakuna ndoa. Wakasema yeye ni fundi wa simu. Haukuwa uongo kamili, ila mama mkwe aliuelewa kwa namna yake. Kwa miaka tisa alikuwa akimletea mkwewe simu zake mbovu, na za majirani, na Baba Pacha alizichukua, akazipeleka kwa fundi halisi wa simu kule mjini, akazirudisha zimepona na kusifiwa kwa mikono yake ya dhahabu.

"Kula tu, baba," mkewe alisema kwa sauti ya chini. "Siku tatu. Mwaka ule ulipougua ukakonda, mama alinisema mwezi mzima kwamba sikulishi."

Akila, atakwenda stoo. Asipokula, mkewe atasemwa. Akieleza, atafukua kaburi la mtu.

Sebule ya mama mkwe ilikuwa na kochi refu, na Baba Pacha kama mkwe mkubwa aliwekwa kona ya ndani, ukutani. Upande wa pili aliketi shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, dereva wa lori mwenye sauti kama honi. Meza ilisukumwa mpaka ikamgusa magoti. Hakuwa na pa kutokea ila apande juu ya watu. Alikuwa amekula ndizi mbili njiani ili asifike na njaa, lakini mbinu za muuguzi zilikuwa za mtu anayejipakulia. Hapa alipakuliwa. Mama mkwe alikuja mwenyewe na sahani iliyojaa wali, juu yake viazi, juu ya viazi mapaja mawili ya kuku.

"Kula, mwanangu. Mbona uso umekusinyaa?"

"Sijasinyaa, Mama. Chakula ni kingi."

"Kingi kwa nani? Mwili wote huo!"

Alikula taratibu, akitafuna kama anayehesabu. Haikusaidia. Nusu ya sahani ilipoisha, mkono wa mama mkwe ulitokea juu ya bega lake na mwiko wa wali. Alifunika sahani kwa kiganja, mama akasogeza kile kiganja kama mtu anayeondoa nzi.

"Unamwaibisha mkeo," shemeji alinguruma, akicheka. "Au nyumbani mnakula hewa?"

Alimtazama mkewe ng'ambo ya meza. Mkewe alikuwa akitazama glasi yake. Akala. Siku hiyo alikula sahani mbili, keki, na soda aliyofunguliwa bila kuulizwa, kisha akakaa pale konani jasho likimtoka, akifikiria kile kiti chenye waya.

Siku ya pili aliamka na hila. Alivaa koti, na kila mama mkwe alipogeuka, kipande cha kuku kilizama kwenye karatasi ya shashi, na shashi ikazama mfukoni. Kufikia mwisho wa mlo mfuko wa kulia ulikuwa na vipande vitatu, wa kushoto mkate na kiazi. Alipanga akavitupe uani. Lakini joto lilizidi, watoto wakamvuta nje wakacheze mpira, naye kwa kusahau akalitundika koti mlangoni.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kupita penye doa. Aliona mafuta yamepenya mfukoni, akalichukua koti akalifue.

Baba Pacha aliporudi ndani, pumzi juu, alisikia mtu analia chumbani. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mama mkwe ameketi kitandani, koti mapajani, vile vipande vimepangwa juu ya taulo. Mama Pacha amesimama mbele yake, ameduwaa.

"Kwa nini hukuniambia?" mama alikuwa akisema. "Mtoto wangu unalala njaa, na mimi nipo? Mpaka mumeo anaiba kuku apeleke nyumbani? Wale watoto wanakula nini?"

"Mama, si hivyo..."

"Nyamaza! Tena jana alikuwa anakataa nyongeza kwa aibu. Maskini baba wa watu."

Shemeji alikuwa ameshasikia. Hakuuliza mara mbili. Alitoka akafungua buti la gari la Baba Pacha, akaanza kupakia gunia la mchele, unga, dumu la mafuta, kuku wawili walio hai wamefungwa miguu. Baba Pacha alimfuata mpaka uani. "Shemeji, subiri kwanza." Shemeji alimkumbatia, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Wanaume tunapitia mengi," alisema, macho yamelowa. "Nisamehe kwa maneno ya jana."

Utani angeuvumilia. Huruma ilimshinda. Akarudi ndani, akasimama mlangoni pa chumba, na maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Mama, nyumbani tunakula. Tunakula sana, ndiyo taabu yenyewe. Nina kilo mia na kumi na mbili, na kazini mwisho mia na kumi. Nikizidi, mkanda hauruhusiwi kunibeba."

Mama mkwe alijifuta macho. "Mkanda gani unaombeba fundi wa simu?"

Mama Pacha aliziba mdomo kwa mkono.

"Sitengenezi simu, Mama. Natengeneza minara yake. Napanda."

Kuku wa kwenye buti walisikika wakilalama. Mama mkwe hakupiga kelele wala hakumlaumu binti yake. Aliuliza jambo moja tu: "Urefu gani?" Alipoambiwa, aliinuka, akampita mkwewe pale mlangoni bila kumtazama, akaenda jikoni.

Baba Pacha alikaa kwenye kochi akingoja hukumu. Badala yake ilikuja sahani. Ilikuwa kubwa kuliko zote za siku zile mbili. Mama mkwe aliiweka mezani, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Kula."

"Mama, nimeshakueleza..."

"Nimekuelewa vizuri. Ukizidi, hupandi. Basi kula, baba. Kula uzidi."

Hakuwa anatania. Alimshikisha kijiko. "Yule baba yao alikuwa mwembamba," alisema. "Laiti angekuwa mnene, wasingemweka juu. Nilikuwa nimempikia siku ile. Chakula kikapoa." Akaisogeza sahani karibu. "Kula."

Baba Pacha alipata kuning'inia kwenye kamba moja kwa nusu saa, dhoruba ikimpiga, akingoja wenzake. Hata siku ile hakujiona amekwama namna hii. Alitafuta la kusema juu ya mkanda, kamba mbili, kofia, ukaguzi wa kila wiki. Akasema yote. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu, "Na usipopanda huhitaji hata kimoja." Alichota vijiko vinne, akavila kwa sababu yule mama alikuwa anavingoja kama dawa, halafu akaweka kijiko chini.

"Nimeshiba, Mama. Nakuheshimu, lakini sitakula zaidi ya hapa. Kazi hiyo ndiyo mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa kumkatalia kitu. Mama mkwe aliichukua sahani. Hakumsemesha siku nzima iliyobaki, wala asubuhi ya tatu wakati wanaaga. Gunia la mchele alikataa lishushwe garini.

Tarehe tano Baba Pacha alipanda mizani bila soksi. Mia na kumi na nusu. Muuguzi aliitazama namba ile kwa muda, kisha akaiandika kama ilivyo. Msimamizi hakuwa na la kufanya. Kwa wiki saba Baba Pacha alikaa stoo, akigawa bolti na kamba kwa wenzake, na jioni alitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mkewe alimpigia mama kumpa habari. "Mungu mkubwa," mama alisema, na wiki hiyohiyo akatuma kwa basi ndoo ya vitumbua.

Alikula viwili, akiwa amekaa, na kikombe cha chai bila sukari. Vingine alivipeleka kazini, vikaisha kabla hajafika stoo.

Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha alipima kilo mia na saba. Siku aliyorudi mnarani, alimwomba mkewe asifiche tena. Mama Pacha alipiga simu mbele yake, akaweka sauti kubwa, akamwambia mama kwamba mumewe anapanda tena. Upande wa pili ilisikika sufuria ikifunikwa.

"Mpe," mama mkwe alisema. Kisha, "Unamaliza saa ngapi?"

"Saa kumi, Mama."

"Saa kumi na robo nipigie. Mimi sitaonja chakula mpaka nikusikie."

Ndivyo ikawa. Siku za kazi zote, akigusa ardhi tu, kabla hajafungua mkanda, fundi alitoa simu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Wenzake walisimama pembeni wakitabasamu. Akichelewa dakika tano, jasho lilimtoka, maana alijua kuna mwanamke ameketi mbele ya sahani iliyofunikwa. Kamba hiyo haikuwa na kibandiko cha kilo, na ilivuta kuliko zote.

"Umeshuka?" mama mkwe huuliza.

"Nimeshuka, Mama."

"Haya. Nenda kale. Kidogo," husema, na kukata.