Gia ya Chuma cha Ekseli

Mke wangu anakereza vyuma. Watu wakisikia wanacheka, halafu kitu kikiwavunjikia wanakuja wapole kama nini. Karakana nzima inamwita Mama Nukta, maana hakati chuma bila kukipima mara tatu, na hata chumvi nyumbani anaipima hivyohivyo. Mimi ni mchapaji. Mashine yangu niliachiwa na baba, imenizidi umri, na kiwanda kilichoitengeneza kilishafungwa zamani. Ikifa, nami nimekwisha.

Mwezi uliopita gia yake iliisha meno. Si kubwa, inaenea kiganjani. Inazungushwa na shafti, fimbo ya chuma yenye uzi kama wa skrubu, na shafti hiyo ni moja tu, hakuna wa kukuuzia nyingine. Mke wangu aliigeuza gia mkononi, akaikwaruza kwa ncha ya tindo, akasema hii ni bronzi, jamii ya shaba, nayo mpya itakuwa ya bronzi. Nimpe wiki mbili atafute kipande kizuri.

Wiki mbili! Shule sita zilikuwa karibu kufunguliwa, zote zinangoja madaftari ya mahudhurio kutoka kwangu. Tena bronzi yenyewe laini, msumeno unaipita kama sabuni. Nikamwuliza kwa nini arudie udhaifu uleule. Tuweke chuma cha ekseli ya lori, tusahau. Akanieleza taratibu kwamba waliiweka laini makusudi, ili ilike yenyewe na shafti isiguswe. Nilisikia nusu. Nusu nyingine nilikuwa nalalamika.

Siku ya tatu uvumilivu ukaniishia. Nikaenda kimyakimya kwa fundi mwingine ng'ambo ya barabara, jamaa asiyeuliza maswali. Akanikerezea gia ya ekseli, akaichoma moto na kuizima kwenye oili hadi ikawa ngumu, tupa inateleza tu juu yake. Nikajiona mjanja kweli. Jumatatu nikaifunga, mashine ikanguruma, karatasi zikaanza kutoka. Nyumbani nikafunga mdomo. Mke akiuliza habari za kazi, najibu namsubiri yeye.

Jumatano sauti ikabadilika. Mwanzo ulikuwa mkwaruzo mdogo, nikaongeza grisi. Alhamisi mashine ikawa inasaga meno kabisa, nikaongeza grisi tena, nikawasha na redio. Jasho lilinitoka, lakini zilibaki shule mbili tu. Kila nilipotaka kuzima nilijiambia, kurasa hamsini tena.

Ijumaa mchana mlango ukafunguka, mke wangu akaingia na aproni ya kazini, ameshika kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa, anatabasamu. Tabasamu likamtoka palepale mlangoni. Alisimama akisikiliza, kisha akanipita bila kuniangalia na kuzima swichi mwenyewe.

"Umeweka nini humo?"

Nikamwambia, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani.

Alifungua kifuniko, akachovya kidole kwenye grisi, akakisogeza dirishani. Ilikuwa inameremeta unga wa chuma. Nilitamani anitukane, angalau nami ningepata la kujitetea. Yeye akaifuta gia yangu, akaikagua jino kwa jino.

"Gia yako haina hata mkwaruzo," akasema.

Halafu akaifuta shafti. Uzi ulikuwa umelika, kingo zimebaki nyembamba kama kucha. Shafti ya baba yangu. Nikakaa juu ya marundo ya karatasi. Nikamwambia nimekosa, mke wangu, nimekosa sana. 

Akakifungua kile kitambaa. Ndani mlikuwa na gia ya bronzi, mpya, bado ina joto la mashine. Kumbe alikuwa amepata kipande mapema, akaacha kazi za wateja wengine ili aje kunifurahisha. Akaitoa yangu, akaiweka yake, akaisukuma kwa kidole gumba. Ikayumba kushoto, ikayumba kulia, haina cha kung'ata.

"Wiki iliyopita ingekaa," akasema.