Nati ya Sita

Mwezi uliopita nilibadilisha tairi pale Misugusugu, kando ya barabara. Fundi alishika mashine yake ya upepo, ikalia mara sita, akasema, "Tayari, dada." Sikuondoka. Nilichuchumaa nikazigusa zile nati moja moja, naye akanitazama kwa jicho la kuuliza. Wala sikumtilia shaka. Nilikuwa namkumbuka baba.

Kwetu Sofu, Jumamosi asubuhi ilinukia grisi na mihogo ya nazi. Baba alikuwa karani mjini Dar, lakini siku hiyo alivaa kaptula na kuingia chini ya pikapu yake kuukuu. Nati alizitia kwenye mfuniko wa sufuria zisipotelee mchangani, na kila wiki mama alilalamika kwamba mfuniko wake unanuka gereji. Kazi ya kurudishia nati za magurudumu ilikuwa yangu, binti wa miaka tisa, na nilijidai nayo mtaa mzima. Sharti lilikuwa moja: vidole kwanza, spana baadaye.

"Izungushe kwa mkono mpaka ifike," baba alisema. "Ikigoma njiani, itoe uanze upya. Usiilazimishe."

Jumamosi moja tulikuwa tunakwenda Chole, huko Kisarawe, kumwona bibi mzaa mama, aliyekuwa anaumwa. Nilikuwa nimeshavaa gauni jipya na nina haraka ya safari. Nati tano ziliingia vizuri. Ya sita ikagoma. Badala ya kuitoa, nilichukua spana nikaikandamiza kwa mikono miwili. Ikalia, ikaingia upande, ikanasa. Baba alipojaribu kuifungua, boliti ikakatika.

"Hii uliianza kwa mkono?"

"Ndiyo, baba."

Alikigeuza mkononi kile kipande kilichokatika. "Basi boliti imechoka," akasema, akaenda kwa miguu kutafuta nyingine. Alirudi jua linazama. Mama alishinda kibarazani na kikapu cha chakula cha mama yake. Tulikwenda kesho yake. Bibi alitupokea kwa kutugombeza: wali aliotupikia jana wameula kuku. Wote walicheka. Mimi nilijifanya nacheka.

Nilipanga kumwambia baba kesho, kisha nikifunga shule, kisha nikishaolewa. Yeye hakuacha kuniita kila Jumamosi: "Mama, njoo ufunge nati zako." Kila aliponiita hivyo niliona aibu.

Baba alifariki mwaka jana. Pikapu iliuzwa chuma chakavu, na pale ilipokaa pamejengwa vyumba vya kupangisha. Baada ya hitma nilimweleza mama kila kitu, nalia.

"Alijua siku ileile," mama akasema. "Nilitaka kukuchapa, akanikataza. Alisema, mwache, atakuja kuniambia mwenyewe."

Kumbe kila Jumamosi aliyoniita, baba alikuwa ananisubiri.