Programu yangu ilisoma visanduku vya mwisho tu, lawama akabeba shangazi

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Ningekuwa natia chumvi ningejipendelea kidogo.

Shangazi yangu ni fundi cherehani, Dunda hapa Bagamoyo. Mimi najifunza programming na bado natafuta kazi. Nikaona nimtengenezee programu ya kompyuta ya kutunza vipimo vya wateja.

Unaandika idadi ya watu, programu inaunda visanduku vya kila mmoja: kifua, kiuno, nyonga. Ukibonyeza "Hifadhi", zinachapwa karatasi za kukatia.

Wakaja wanawake wa Kaole, upande wa bibi harusi, wanataka magauni ya sare. Kitambaa wamekuja nacho. Shangazi akawapima, akajaza, akachapa.

Jioni akanipigia, mimi niko Mapinga kwa rafiki.

"Mwanangu, mbona vipimo vya wote vyalingana? Nami nakumbuka wamepishana."

"Shangazi, hao si ndugu? Kompyuta haikosei. Kata tu."

Laptop hata sikuifungua. Akaniamini mimi kuliko mkono wake mwenyewe.

Sasa kilichotokea ni hiki. Loop yangu, yaani kipande cha programu kinachojirudia, ilikuwa inaunda textbox (visanduku) za kila mtu na kuziweka kwenye variable zilezile tatu, yaani majina ya kuzikumbukia. Zikija za mtu mpya, za zamani zinasahaulika. Kwenye skrini zote unaziona na zinajazika vizuri, ila ukifika wakati wa kusoma, programu inazijua za mtu wa mwisho peke yake.

Aliyepimwa mwisho alikuwa mdogo wake bibi harusi, binti mwembamba kama ufito. Magauni yote yakakatwa kwa vipimo vyake.

Mtaniuliza kama nilifanya testing. Nilifanya, ila kwa uvivu nilijaza namba moja kwenye visanduku vyote. Ikasoma sawa, nikajisifu.

Siku ya kujaribisha magauni nilikuwepo dukani. Gauni la mama wa bibi harusi lilikwama mabegani. La dada wa huyo mama likakwama palepale. Wanawake wakatazamana, kisha wakamtazama shangazi.

Akasema, "Nisameheni jamani, nimekosea kukata. Utu uzima huu."

Mimi nimekaa pembeni ya printa, kimya. Wakuu, nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Harusini sare haikuwepo, kila mtu akavaa gauni lake la nyumbani.

Code ya programu niliirekebisha kabla chai haijapoa. Control (kisanduku au kitufe) unayoiunda ndani ya loop iweke kwenye list, au ipe jina lake ulitafute baadaye. Na ukijaribu programu, jaza namba tofauti kila kisanduku. Na mtumiaji akikuuliza swali, fungua programu uangalie kwanza ndipo umjibu.

Juzi nimesikia kijiweni watu wanaambiana wasimpelekee nguo yule mama fundi, macho yamekwisha. Nikaenda kumwambia shangazi kwamba nataka kusema ukweli.

Akanijibu bila kuacha kushona, "Waache. Mimi jina langu wamelila miaka mingi, halijaisha. Wewe lako hata halijaanza."

Nikatoka nje nikalia, sioni haya kulisema hapa. Haya ninayoona ni ya ule ukimya wangu.

Kesho baada ya swala ya Ijumaa naenda Kaole kwa mama wa bibi harusi. Shangazi hajui. Nikishasema shikamoo na akaitikia marahaba, sijui neno la pili ni lipi.

Mliowahi kubebewa kosa lenu na mtu mzima, mlianzaje? Nisaidieni.