Kumtafutia Mjomba Tembo kwa Miguu

Nianze na sababu, msije mkadhani nimegeuka mtalii. Daktari alimwambia Mjomba Baranyikwa kwamba presha ya macho imeshaua jicho moja na sasa inalinyemelea la pili. Mjomba amevua dagaa Ujiji tangu dunia haijakauka, lakini tembo hajamwona. "Nataka nimwone nimesimama kwa miguu yangu, si kwenye kioo cha gari," alisema. Mimi ndiye msomi wa ukoo, kidato cha nne nimekimalizia darasa la jioni nikiwa na ndevu, basi mipango ikawa yangu.

Mtaani Rusimbi nilimwendea dalali wa safari, mtu mwenye maneno kuliko mawimbi ya ziwa. "Kaka, ndala zinatosha. Tembo wa kule ni kama mbuzi." Nikaamini!

Jumamosi alfajiri tuliondoka, Kidahwe tukaipita kukikucha. Mjomba na ndala zake, mimi na shati la buluu nililolipiga pasi mpaka likalia.

Saa tatu, getini kwenye hifadhi. Askari wa wanyamapori, kijana mrefu mwenye bunduki, alitutazama kama tumepotea njia ya harusini.

"Shikamoo, mzee. Kaka, nani kawaambia ndala? Na hiyo buluu ndiyo wanayoipenda mbung'o."

Kabla hajamaliza, mbung'o elfu kumi walikuwa mgongoni kwangu. Nilimlaani yule dalali kwa majina yote ninayoyajua. Askari akatuazima buti na shati la kaki, akatoa sharti: "Mtoni hakuna kelele. Hata kikohozi, kimezeni."

Saa nne na nusu, kando ya mto. Tumebana nyuma ya kichuguu. Matete yakatikisika, likatokea sikio, kisha mguu, mnyama mkubwa kama ghala la bandarini. Mjomba alikuwa anageuza shingo ampate kwa lile jicho zima. Askari akamwinamia, akamwelekeza kwa kunong'ona, kwa Kiha, lugha ya kwetu.

Jamani! Mjomba akamgeukia mzima mzima. "Kumbe wewe wa nyumbani? Wa wapi?"

"Kidahwe, mzee."

Mjomba akakunja magoti, akapiga makofi ya salamu, pa, pa, pa! "Mwakeye!" Na yule mwenye sharti akabana bunduki kwapani, akainama, akaitikia kwa makofi yake, akaulizia na watoto. Tembo hana ndugu Kidahwe. Aligeuza makalio, miti ikalia, akapotea.

Niliwafokea wote wawili mpaka viboko wakazama. "Mjomba, jicho lako halingoji, na wewe unapiga makofi? Mbona getini hukumsalimia hivyo?"

"Getini alikuwa askari."

Njiani kurudi nikamuuliza kaona nini.

"Mkia. Nimeuona vizuri sana."

Nimejifunza: ukipanga safari ya miguu na Waha, tenga saa nzima ya salamu getini, kila mtu aulizwe kwao. Nimeshaomba siku nyingine, na askari asiyejua hata neno moja la Kiha. Mjomba kanikatalia. "Nikishapofuka, huyo tembo atakuja kuniuliza nimeamkaje? Kijana wa Kidahwe atakuja."

Nina hasira mpaka leo.